Kuhamia Kanada na Watoto: Shule Gani, Lugha Gani?

Tangu Goma ilipotekwa mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, hakuna jamaa isiyowahi kuzungumza juu ya kuondoka. Na wale waliokwisha kuondoka zamani, wanaokaa katika makambi ya Nyarugusu nchini Tanzania au Nakivale nchini Uganda, wamezoea kusikia jina la Kanada kama jina la kijiji cha jirani. Huyu ana shangazi Montréal, yule ana kaka Winnipeg, mwingine ameitwa ofisini kuulizwa habari zake na za watoto wake. Sisi walimu twajua upesi jamaa gani inajitayarisha, kwa maana baba huja kuomba karatasi za alama za watoto. Akisha kuzipokea hasimami mara moja. Hukaa kidogo, halafu huuliza: «Mwalimu, shule za kule ni nzuri?»

Swali hili ni jema, lakini halina jibu moja. Anayeuliza shule za Kanada zikoje ni kama anayeuliza barabara za Congo zikoje: lazima kwanza aseme anakwenda wapi. Sheria kuu ya nchi ile, ya mwaka 1867, iliyaachia majimbo kazi ya elimu. Majimbo ni 10, pamoja na maeneo 3 ya kaskazini, na kila moja lina waziri wake wa shule, vitabu vyake, mitihani yake na umri wake wa kuanza na wa kuacha. Katika jimbo la Québec mtoto hulazimishwa kusoma tangu miaka 6 mpaka 16. Katika Ontario, jimbo la jirani, mpaka 18. Shule ya serikali hailipishwi ada pote pote, na basi la rangi ya manjano huwachukua wanaokaa mbali. Mambo mengine hubadilika mara mtu anapovuka mpaka wa jimbo.

Wazazi wanaopima safari hii huweka mambo matatu katika mizani: shule, usalama na lugha, na lugha huiweka mwisho. Husema: «Watoto watajifunza tu, watoto ni wepesi.» Ni kweli, watoto ni wepesi. Lakini sisi twaona kwamba lugha ndiyo iliyoyashika yale mawili mengine. Mama asiyeweza kuisoma barua iliyomo katika mfuko wa mwanawe wa shule hajui shule inamwambia nini. Na baba asiyeweza kuzungumza na polisi, au na mtumishi wa serikali aliyepiga hodi mlangoni, hana jinsi ya kumlinda mtoto wake. Kwa hiyo tutaanza na lugha.

Lugha ya shule ni sheria

Katika Québec neno hili limekwisha kukatwa tangu mwaka 1977, ilipotolewa sheria kubwa ya lugha ya Kifaransa. Mtoto wa mgeni aliyehamia kukaa husoma kwa Kifaransa tangu mwanzo mpaka mwisho wa shule ya sekondari. Shule za Kiingereza za serikali zipo, lakini ni hasa za watoto ambao baba au mama yao alisoma shule ya msingi kwa Kiingereza humo humo Kanada. Asiyejua Kifaransa hutiwa kwanza katika darasa la mapokezi, ajifunze lugha kabla ya kuchanganyika na wenziwe. Tena, kwa sheria ya mwaka 2022, ofisi za serikali ya Québec humwandikia mgeni kwa Kifaransa tu baada ya miezi 6 ya kwanza, isipokuwa katika mambo kama afya na usalama wa watu.

Kwa jamaa iliyosoma Congo, hii si habari mbaya hata kidogo. Baba aliyefika darasa la sita la sekondari kwetu anaweza kuketi mbele ya mwalimu wa Montréal na kuuliza kwa nini mwanawe amepata alama mbaya ya hesabu. Hilo ni jambo kubwa sana. Wahamiaji wa nchi nyingine hufanya kazi miaka mingi kabla ya kulifikia.

Lakini angalieni jamaa iliyokaa miaka kumi Nakivale. Watoto wamesoma kwa Kiingereza cha Uganda. Mkubwa ana miaka 15, na Kifaransa kwake ni lugha ya baba akizungumza na wazee wenziwe. Ukimpeleka Québec kwa sababu tu watu husema «sisi Wacongomani ni watu wa Kifaransa», unamrudisha nyuma katika umri ambao hana tena miaka ya kupoteza. Yule wa Nyarugusu, aliyesoma kambini kwa mafunzo ya Congo na kwa Kifaransa, hali yake ni nyingine kabisa. Watoto wawili wa ukoo mmoja, na shauri linalowafaa si moja.

Nje ya Québec, Kiingereza ndicho lugha ya barabara na ya kazi karibu pote. New Brunswick peke yake ndilo jimbo ambalo katiba imeliwekea lugha zote mbili sawasawa. Hata hivyo shule za Kifaransa zipo katika kila jimbo, kwa kuwa katiba ya mwaka 1982, katika kifungu cha 23, iliwapa raia wa lugha iliyo chache haki ya kuwasomesha watoto wao kwa lugha hiyo. Haki ni ya raia. Mgeni aliyefika jana bado si raia. Lakini jamaa ya mgeni yaweza kuomba, na wakuu wa shule huwapokea wengi. Watoto wetu wamo kwa wingi katika shule za Kifaransa za Ottawa, za Moncton na za Saint-Boniface, ule mtaa wa kale wa Wafaransa katika mji wa Winnipeg.

Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi. Wazazi huambiwa: «Kuna shule ya immersion, wanafundisha Kifaransa.» Wao hufurahi, huandikisha. Kumbe shule ya namna hiyo imewekwa kwa ajili ya watoto wa Waingereza wanaotaka kujifunza Kifaransa. Masomo ni ya Kifaransa, lakini watoto uwanjani, katibu ofisini na barua inayokuja nyumbani, yote ni ya Kiingereza. Si shule mbaya, ila si ile mzazi aliyodhani. Inafaa kuuliza waziwazi: je, shule hii ni ya baraza la shule za Kifaransa, au ni shule ya Kiingereza yenye masomo ya Kifaransa?

Na mtu asidhani kwamba shule hizi za Kifaransa zilitolewa kama zawadi. Mwaka 1912 serikali ya Ontario ilitoa Kanuni ya 17, iliyobana Kifaransa kibaki katika madarasa ya chini tu. Katika Ottawa, katika shule ya Guigues, walimu wawili wasichana wa jamaa moja, Béatrice na Diane Desloges, hawakukubali. Mwezi wa Januari 1916 akina mama wakaizunguka shule ili kuwalinda, na silaha yao ilikuwa pini ndefu za kofia zao na vyombo vya jikoni. Kanuni ile ikaacha kutumiwa mwaka 1927. Katika Manitoba, tangu mwaka 1916, kufundisha kwa Kifaransa kulikatazwa, na wanafunzi walificha vitabu mkaguzi alipoingia. Twasimulia haya kwa sababu yanaeleza neno moja ambalo wageni hawalifahamu: ukimpeleka mtoto katika shule ile, watu wa pale watatazamia kwamba wewe nawe utaipenda lugha yao. Hawakuiweka shule ili iwe daraja la kuvukia tu.

Wako wanaotujibu: «Mwalimu, Kiingereza ndicho mkate.» Hatukatai. Baba atakayekaa Winnipeg au Toronto bila Kiingereza atapata kazi za usiku tu, za kusafisha na za kubeba, hata kama alikuwa mhasibu Lubumbashi. Yeye na mkewe wajiandikishe tangu mwezi wa kwanza katika masomo ya lugha kwa watu wazima, ambayo serikali ya nchi huwalipia wale waliopewa ruhusa ya kukaa daima. Na Québec ina masomo yake ya Kifaransa yasiyolipishwa. Na mama asibaki nyumbani ati kwa sababu ya watoto wadogo. Aulize mahali penye watu wa kuwatunza wadogo saa za masomo. Lakini mtoto, Kiingereza kitamfuata chenyewe. Kiko uwanjani, kiko katika mchezo wa mpira, kiko katika kila simu. Kifaransa ndicho kitakachomtoka kama hapana anayekishika. Kwa hiyo jamaa yenye Kifaransa kizuri, ikipelekwa jimbo la Kiingereza, sisi twaishauri shule ya Kifaransa bila kusitasita.

Umri, darasa, na shule za Kikatoliki

Neno jingine la kutazamwa ni darasa. Kwetu mtoto hutiwa darasa analoliweza. Kanada hutiwa kwa kadiri ya umri wake. Kijana wa miaka 16 aliyepoteza miaka mitatu kwa vita na safari hataketi pamoja na wa miaka 12. Ataketi na wenziwe wa miaka 16, mbele ya fizikia asiyoijua. Wazazi hufurahi, hudhani amepandishwa. Yeye hana furaha. Huona aibu, hunyamaza, na pengine huacha kabisa siku ile sheria inapomruhusu. Mzazi mwenye akili ataomba mapema mtoto apimwe, apewe masaada ya lugha na ya hesabu, wala hatangoja karatasi ya alama. Ni vema pia kujua kwamba katika Québec sekondari hukoma mwaka wa kumi na moja, ndipo kijana huingia katika chuo cha katikati kiitwacho cégep, kilichoanzishwa mwaka 1967. Katika Ontario hukoma mwaka wa kumi na mbili, naye lazima awe amekusanya masomo 30 yaliyohesabiwa na saa 40 za kutumikia watu bure. Aliyezidi umri wa shule ya vijana asikate tamaa, maana shule za watu wazima humpa cheti kile kile.

Wasomaji wetu watauliza juu ya shule za Kikatoliki. Wengi, wakiona njia za Québec zina majina ya watakatifu na kila kijiji kina mnara wa kanisa, hudhani kwamba shule nazo ni za dini. Sivyo. Mabaraza ya shule ya Québec yaliacha kugawanywa kwa dini mwaka 1998 na kugawanywa kwa lugha, na katekesimu haimo tena katika shule za serikali. Mtoto ataandaliwa Komunyo katika parokia, basi. Ontario, Saskatchewan na Alberta ndiyo majimbo ambayo serikali yangali inalipia shule za Kikatoliki, za Kiingereza na za Kifaransa pia. Kwa hiyo mzazi anayetaka Kifaransa na dini pamoja atavipata Ottawa wala si Montréal, na hilo huwashangaza wengi.

Usalama ni wa namna nyingi

Aliyekimbia bunduki haulizi kwa udadisi kama nchi ina amani. Tumjibu kwa hesabu. Mwaka 2023, katika nchi yenye watu milioni 40, waliouawa kwa mikono ya watu walikuwa 778. Hapana jeshi njiani, hapana kizuizi cha kutoa fedha, na mtu apigaye simu namba 911 hujibiwa usiku na mchana. Mtoto wa miaka kumi huenda shule kwa miguu na kurudi. Hata hivyo tusiipake nchi ile sukari. Mwaka 2019 wachunguzi walioombwa na polisi wa Montréal wenyewe walisema kwamba watu weusi walisimamishwa na polisi mara 4 hadi 5 zaidi ya Wazungu. Kijana wetu yafaa ajue hili kabla ya siku yenyewe: asikimbie, atoe mikono mfukoni, ajibu kwa adabu, akumbuke namba ya gari lao, na akifika nyumbani amweleze baba yake bila kuficha.

Baridi nayo huua. Winnipeg, usiku wa Januari, huweza kufika digrii 30 chini ya sifuri. Upepo ukiwapo, ngozi isiyofunikwa yaweza kuganda kwa dakika 10 mpaka 30. Koti la mitumba la kwetu si koti kule. Na hili twaliandika kwa mkazo: umeme ukikatika, mtu asithubutu kuwasha mbabula ya makala ndani ya nyumba. Nyumba zile zimezibwa kila tundu ili baridi isiingie. Moshi usioonekana huwalaza watu wote, wala hawaamki.

Lakini hofu iliyo kubwa kuliko zote katika jamaa zetu kule haitoki kwa mwizi wala kwa theluji. Ni hofu ya kunyang'anywa watoto. Kila jimbo lina ofisi ya kulinda watoto. Katika Québec watu huiita kwa herufi tatu, DPJ. Mwalimu wa kule akiona alama ya fimbo mgongoni mwa mwanafunzi, sheria humlazimisha kutoa habari. Hawezi kunyamaza kwa urafiki na baba. Mahakama Kuu ya Kanada ilieleza mwaka 2004 mipaka ya adhabu ya mzazi: hapana kumpiga mtoto aliye chini ya miaka miwili wala kijana aliyepita kumi na miwili, hapana fimbo wala mkanda wala kitu cho chote, hapana kofi la kichwa. Sisi tuliolelewa kwa fimbo, nyumbani na darasani, husikia maneno haya na kucheka. Kule hayachekwi. Watoto wadogo wakiachwa peke yao nyumbani baba akiwa kazini usiku, hilo nalo laweza kuleta mgeni mlangoni. Na Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilionyesha mwaka 2018 kwamba watoto weusi na wa wenyeji wa asili walikuwa wamezidi kiasi katika ofisi nyingi za namna hiyo.

Wenyeji hao wa asili wana habari ambayo Mkatoliki hana ruhusa ya kuipita upande. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia, watoto wao zaidi ya 150,000 walitiwa katika shule za bweni za serikali, nyingi zikiongozwa na wamisionari wetu. Waliondolewa kwa wazazi, wakakatazwa kusema lugha ya mama yao, wengine wakafa huko huko. Za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Tarehe 25 Julai 2022, hapo Maskwacis katika Alberta, marehemu Papa Fransisko aliwaomba msamaha mbele ya watu wote. Mzazi anayehamia nchi ile yafaa aijue habari hiyo, ajue kwamba jirani yake aliye mwenyeji wa asili akimsikia akisema Kiswahili na mwanawe atamtazama kwa macho mengine.

Nani atakuwa mkalimani?

Katika mwaka wa pili hutokea jambo ambalo hakuna ofisi inayolihesabu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja amekwisha kujua lugha, baba bado. Basi mtoto ndiye anayeenda na mama hospitalini kumweleza daktari maumivu ya mama. Ndiye anayesoma barua ya benki. Ndiye anayetafsiri maneno ya mwalimu juu yake mwenyewe, na mwalimu akisema «huyu ni mvivu», mtoto humwambia baba: «Anasema nafanya vizuri.» Twacheka, lakini nyumba imepinduka, mtoto ameshika ufunguo, na mzazi anagonga mlango. Shule na hospitali nyingi zina wakalimani. Mzazi aombe mkalimani mtu mzima, hata kama lazima angoje wiki.

Tena Kiswahili kisiachwe. Twajua jamaa ambamo wazazi, kwa nia njema, walianza kusema Kifaransa chao cha kuvunjika na watoto ili watoto wasichelewe shuleni. Watoto hawakupata faida. Kifaransa chao kizuri walikipata darasani. Walichopoteza ni maneno ya kusemea na nyanya yao kwa simu. Sasa nyanya husema, mjukuu hucheka tu, na simu hukatwa upesi. Baba aliyesalia na Kiswahili anaweza kumwonya mwanawe kwa maneno kamili, kwa methali na kwa mzaha. Akisalia na lugha ya kukopa atamwonya kwa sauti kubwa tu, na kule sauti kubwa humfikisha mtu mbali.

Kwa wale walio karibu kuondoka, tuseme machache ya kazi. Msaada wa ofisi ya Umoja wa Mataifa kwa wakimbizi hauuzwi. Anayedai dola ili jina lako lipande juu ni mwizi, hata akivaa kitambulisho. Nauli ya mkimbizi kwa kawaida ni mkopo wa serikali ya Kanada unaolipwa polepole, na tangu mwaka 2018 hauna faida juu yake. Mkimbizi hupangiwa mji. Kama ana ndugu mahali fulani, aseme mapema wakati wa kuulizwa. Msomi anayeomba kwa njia ya kazi ajue kwamba tangu mwaka 2023 serikali ile huwaita kwa namna ya pekee wanaojua Kifaransa, lakini lazima wafanye mtihani wa lugha uliokubaliwa. Diploma yetu ya Serikali haitoshi kushuhudia Kifaransa cha mtu. Québec, kwa mapatano ya mwaka 1991, huwachagua yenyewe wengi wa wahamiaji wake, na karatasi zake ni nyingine.

Karatasi za alama za kila mtoto na za kila mwaka, cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, na kadi ya chanjo, vyote vitiwe katika mfuko wa nailoni, navyo visiwekwe katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Mama avibebe mkononi. Na aliye na ndugu kule, kabla ya kumwuliza mshahara wake, amwulize maneno haya: watoto wako wako shule gani, barua za shule huja kwa lugha gani, na ni nani nyumbani mwako anayezisoma?